Siku ya Saba Ilikuwa Jumatatu

OFISI YA HUDUMA ZA WANAFUNZI
CHUO CHA SHERIA

13 Mei

Kwa: Mwanafunzi, mwaka wa mwisho, masomo ya jioni

YAH: OMBI LAKO LA MTIHANI MAALUM, SOMO LA MWENENDO WA MADAI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi ilipokea fomu yako tarehe 11 Mei, ukiomba mtihani maalum baada ya kukosa mtihani wa tarehe 4 Mei kwa kile ulichokiita "dharura ya kifamilia". Unakumbushwa kwamba kanuni inataka ombi liletwe ndani ya siku saba tangu mtihani. Ombi lako limeletwa siku ya nane. Ofisi inasikitika kukujulisha kuwa halikukubaliwa.

Kwa kuwa huu ni mwaka wako wa sita, na kanuni hairuhusu mwanafunzi kuzidisha miaka sita, utaandikiwa barua nyingine kuhusu kufutwa kwa usajili wako. Usiporidhika, unaweza kukata rufaa kwa Kamati ya Rufaa ndani ya siku kumi.

Aidha, tunapenda kukukumbusha huduma zilizopo kwa ajili yako: ushauri nasaha kila Jumatano, chumba namba nne, msaada wa uandishi wa kisheria kila Alhamisi, na Semina ya Usimamizi wa Muda tarehe 20 Mei, mwisho wa kujiandikisha tarehe 18. Viburudisho vitakuwepo.

Wako katika huduma,
Mratibu wa Huduma za Wanafunzi


14 Mei

Kwa Mratibu wa Huduma za Wanafunzi
Nakala: Msajili wa Chuo

YAH: BARUA YAKO YA JANA

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, maana nilidhani labda kusimama ndiko kulikonifanya nione vibaya. Kumbe macho yangu ni mazima.

Naomba tuhesabu pamoja, polepole. Mimi ni karani wa masjala ya mahakama, dirisha namba mbili, mwaka wa kumi na saba huu. Kazi yangu ni kupokea nyaraka za mawakili na kuzigonga muhuri wa tarehe. Darasani wananiita Bi Muhuri na wala sijali. Nimewarudisha mawakili wenye tai za hariri kwa kuchelewa siku moja, wakanitolea macho, nikawahesabia siku mbele yao mpaka wakanyamaza. Unaweza kunifundisha mengi, mama, lakini kuhesabu siku huwezi.

Siku ya tukio haihesabiwi. Hilo ndilo jambo la kwanza analofundishwa mtu katika somo hilohilo mnalonizuia kulifanyia mtihani. Mtihani ulikuwa Jumatatu tarehe 4. Siku ya kwanza ni Jumanne tarehe 5. Siku ya pili Jumatano. Endelea mwenyewe, usiruke. Siku ya saba ni Jumatatu tarehe 11. Fomu nimeileta tarehe 11 saa nne asubuhi, na muhuri wenu wenyewe uko juu yake. Umepinda kidogo lakini unasomeka.

Haya, tuseme nimekosea. Tuseme hapo chuoni siku ya mtihani ndiyo siku ya kwanza. Basi siku ya saba ni Jumapili tarehe 10, na Jumapili ofisi yako imefungwa. Ulitaka fomu nimpe nani, paka wa getini? Siku ya mwisho ikiangukia siku ya kufunga, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata, ambayo ni Jumatatu tarehe 11. Ishike hesabu hii kichwani au miguuni, mimi nimefika kwa wakati.

Semina ya Usimamizi wa Muda sitahudhuria. Nitakuwa nasimamia muda wangu kwa kuandika rufaa. Zile siku kumi nitazihesabu kwa namna yako na kwa namna yangu, na nitaleta kabla ya zote mbili.

Mwanafunzi,
ajulikanaye kama Bi Muhuri


15 Mei

Wifi,

Karatasi hii haina kichwa cha ofisi kwa sababu si ya ofisi. Simu zangu hupokei, ujumbe hujibu, kwa hiyo naandika kama mnavyopenda watu wa masjala, na nimempa dereva wa chuo akukabidhi mkononi.

Ulitaka nifanye nini? Fomu imekuja mezani ina jina la ukoo wa mume wangu. Msajili anakaa mkabala nami, chuo kizima kinajua wewe ni wifi yangu. Mwaka juzi mwenzangu alimpitisha mpwa wake kwa barua iliyochelewa, leo hayupo kazini. Nimekutendea kama ninavyomtendea kila mtu. Ungekuwa na utu kidogo ungeshukuru kwamba sikukupendelea, badala ya kunivua nguo kwenye barua yenye nakala kwa bosi wangu.

Na kwa kuwa umeanza, na mimi niseme la moyoni. Asubuhi ya tarehe 4 ulikuwa na mtihani saa tatu. Saa mbili na robo ulikuwa nyumbani kwangu. Unatafuta nini? Unasema ulipita kumsalimia Mama, akateleza bafuni mbele ya macho yako. Mtu mwenye mtihani wa mwisho hapiti kusalimia upande wa pili wa mji. Somo hili lilikuangusha mwaka jana. Mimi naona uliukimbia mtihani, wifi, na kuanguka kwa Mama kukakupa kisingizio. Ndiyo maana kwenye fomu umeandika maneno matatu tu, bila hata karatasi ya daktari.

Halafu Mama mwenyewe. Ametoka hospitali, umempeleka kwako bila kuniuliza. Miaka sita amekaa kwangu. Nimemwogesha, nimemkata kucha, najua kidonge kipi anakificha chini ya ulimi. Kaka yako kapiga simu kutoka kambini kwao, huko wanakojenga barabara, anauliza mama yake kahamishwa kwa nini. Majirani wananitazama kama niliyemfukuza. Umenidhalilisha kazini na nyumbani, na wiki haijaisha.

Mke wa kaka yako


16 Mei

Wifi,

Nimekimbia mtihani. Mimi. Haya.

Mwaka jana nilianguka kwa sababu niliandika mahakama inavyofanya kazi, na mwalimu alitaka kitabu kinavyosema. Mwaka huu kitabu nilikijua mpaka nukta zake. Miaka sita natoka kazini saa kumi, naingia darasani saa kumi na moja, nakaa na watoto wanaoniamkia shikamoo ndipo waniombe daftari wanakili. Wewe umeniona kwa macho yako nikikoroga sufuria kwa mkono mmoja na kitabu mkono mwingine. Nilibakiza karatasi moja. Moja! Baada ya hapo ningehamia upande wa pili wa dirisha, niwe mimi ninayepeleka nyaraka. Halafu unaniambia nimekimbia.

Kwa nini nilikuwa kwako asubuhi ile ni siri yangu. Sitaiandika kwenye fomu, wala hapa. Uniulize tena, na mimi ninyamaze tena.

Mama yuko kwangu kwa sababu nyonga ina ufa, hawezi kuinuka peke yake, na binti yangu mkubwa anashinda nyumbani. Hakuna zaidi ya hapo. Kaka yangu mwambie hivyo, au nitamwambia mwenyewe.

Na kuna neno kwenye barua yako limenikaa kooni tangu jana. Unasema umenitendea kama unavyomtendea kila mtu. Kila mtu? Ina maana ni watu wote mnaowahesabia hivi?

Rufaa naileta Jumatatu asubuhi, mlango ukifunguliwa tu.

Bi Muhuri


19 Mei

Wifi,

Rufaa yako imeingia jana, na kwa bahati mbaya katibu wa Kamati ni mimi. Kikao ni tarehe 28. Nakuandikia kwa siri, uichane ukishasoma.

Usiende na hesabu. Wajumbe ni watano, na watatu kati yao hawapendi kufundishwa kitu na mwanafunzi, tena karani. Msajili ameniagiza niandike maelezo ya ofisi kwamba hesabu yetu ni utaratibu wa siku zote. Nitayaandika. Sina ujanja, ndiye anayenitathmini.

Lakini kanuni ina kifungu cha mazingira ya kipekee. Lete karatasi ya daktari, andika kurasa mbili kwamba ulikuwa unamuuguza Mama, na hao hao watu watakupitisha kabla chai haijapoa. Nimeona hata walioleta cheti cha kuumwa jino wakipita. Karatasi unayo, hospitali humpa kila anayesindikiza mgonjwa. Unaikalia ya nini? Acha kichwa kigumu kwa mara moja katika maisha yako. Ukikosa hapa umetoka moja kwa moja, na chuo kingine hakichukui mtu wa mwaka wa sita.

Mke wa kaka yako


20 Mei

Wifi,

Sikuichana. Mimi karatasi sichani.

Leo mchana nilipita nje ya ukumbi wenu. Semina ya Usimamizi wa Muda ilikuwa ianze saa nane. Saa nane na nusu nimeona viti vitupu, birika tatu, na mtoa mada akitazama saa yake. Nimecheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kulikoni. Ni mara ya kwanza kucheka tangu tarehe 13, kwa hiyo kwa hilo nakushukuru.

Huruma siitaki. Nikipita kwa huruma nitakuwa nimepita mimi tu, na dirisha lako litaendelea kuhesabu vilevile. Atakayekuja nyuma yangu hana mama aliyeanguka, yeye atafanyaje? Sikuchelewa, wifi. Nataka waandike kwamba sikuchelewa. Mtu ambaye hakuchelewa haombi msamaha wa kuchelewa.

Karatasi ya daktari ninayo. Iko kwenye bahasha, bahasha iko sandukuni, na sanduku nimelifunga. Usiniombe tena.

Na huo utaratibu wa siku zote, hebu niambie ulianza siku gani. Nani aliuandika, ukurasa wa ngapi? Kanuni zenu nimezisoma zote, hata zile za maegesho, haumo. Kwangu dirishani mtu akiniambia kuna utaratibu, huwa namwomba anionyeshe.

Bi Muhuri


23 Mei

Wifi,

Leo nilikwenda hospitali kuchukua magongo ya Mama, maana kadi yake bado ina namba yangu na walinipigia mimi. Nesi alikuwa na haraka. Akafungua faili akanisomea bila kuinua uso: mgonjwa alikutwa sakafuni bafuni, akiwa peke yake, mlango wa nyumba umefungwa kwa nje, amelala hapo takriban saa mbili. Nikamwambia amekosea faili. Akanionyesha jina.

Mlango niliufunga mimi. Saa kumi na mbili asubuhi, Mama akiwa bado kitandani, kwa sababu wiki iliyotangulia alitoka peke yake akapotea. Nikaenda kuandaa ile Chai ya Utulivu niliyoitangaza wiki tatu nzima: watahiniwa wote mnakaribishwa, saa moja asubuhi, tuanze mtihani kwa amani. Simu iko kwenye mkoba, mkoba uko ofisini, na mimi niko ukumbini namimina chai na kuwaambia wanafunzi wavute pumzi.

Nilitoka hospitali moja kwa moja mpaka kwa jirani, nikambana, akasema yote. Kwamba Mama aligonga beseni ukutani mpaka akasikika. Kwamba jirani alitaka kunipigia mimi, Mama akakataa, akasema mkwe wangu yuko kazini, mpigieni binti yangu ana ufunguo wa pili. Hakujua kuwa ni siku yako ya mtihani. Jirani anasema ulifika unakimbia, umeshika kalamu mkononi. Ulinipigia mara sita. Nilipoziona mchana ukaniambia ulikuwa naye alipoanguka, na mimi nikaamini, kwa sababu ilinifaa kuamini.

Nina hasira na wewe. Kwa nini hukunizaba kofi? Kwa nini uliniacha nikuandikie maneno yale, kwamba umekimbia, na wewe ukajibu eti ni siri yako? Mlikaa wewe na Mama mkaamua mimi ni mtu wa kufichwafichwa, kama mtoto. Na nina hasira na mimi mwenyewe zaidi, lakini hiyo sijui niipeleke wapi.

Sasa na mimi nikupe changu. Uliuliza utaratibu ulianza siku gani. Ulianza wiki yangu ya kwanza kazini, miaka tisa iliyopita. Mwanafunzi alikuja dirishani akauliza mwisho wake ni lini. Sikujua. Msajili alikuwa kikaoni. Nikanyoosha mkono, nikaanza na kidole gumba: siku ya mtihani, moja. Nikamaliza mkono, nikaongeza vidole viwili, nikaishia Jumapili, nikamwambia basi leta Ijumaa. Niliona aibu kusema sijui. Aliyefuata nikamwambia vilevile. Nilipoletewa msaidizi nikamfundisha vilevile. Mwaka ulipoisha ofisi nzima wakawa wanauita utaratibu, na Msajili akausikia kwao akadhani ameukuta.

Hakuna ukurasa, wifi. Ni vidole vyangu.

Mke wa kaka yako


24 Mei

Wifi,

Miaka tisa!

Nimetoka nje nikazunguka nyumba mara mbili ndipo nikaweza kukaa na kuandika. La Mama nilikuwa nimeshalimeza. Ufunguo, bafu, saa mbili sakafuni, nilivimeza vyote, kwa sababu kwenye kitanda cha hospitali alinishika mkono akaniapisha nisikwambie. Alisema miaka sita umemtunza na siku moja isije ikaifuta. Nilikasirika, nikaapa. Ningepeleka karatasi ile mbele ya watu watano, ingesomwa kwa sauti, ungeandika muhtasari wewe mwenyewe. Ningekuangalia vipi ukiandika kwamba mlango ulifungwa kwa nje?

Kwa hiyo la Mama liache, ni lako na kaka yangu, mtajua wenyewe. Hili la vidole siliachi.

Unajua mimi hufanya nini dirishani nisipojua? Nasema sijui. Nasema subiri, nikaulize. Wanasonya, wananiita karani wa kijiji, nanyanyuka nakwenda kuuliza. Wewe uliona aibu dakika moja, na kwa ajili ya dakika hiyo umefukuza watu miaka tisa, kwa lugha nzuri, na viburudisho vitakuwepo. Halafu ulipoletewa mimi ukakimbilia kusema eti hukunipendelea. Ulijua! Ulivyoisoma barua yangu ya tarehe 14 ulijua, ukakaa kimya, ukanirushia eti mwaka jana nilianguka.

Sitaki uniombe radhi. Tarehe 28 una maelezo ya ofisi ya kusoma. Msajili anataka uandike utaratibu wa siku zote. Nitakuwa nimekaa mbele yako. Soma unachotaka.

Bi Muhuri


29 Mei

Wifi,

Jana ulitoka mara tu nilipomaliza kusoma, hukusubiri uamuzi. Nakuandikia ili ubaki nao kwenye karatasi.

Ulivyoona, Msajili alikuwa ananifuata kwenye nakala yake kwa kalamu. Nilipofika kwenye sentensi ya utaratibu nikasoma niliyoiandika mwenyewe asubuhi: kwamba hesabu hii haimo katika kanuni yoyote, niliianzisha mimi nikiwa sijui, na mwanafunzi huyu alileta ombi lake siku ya saba. Kalamu ya Msajili ikasimama. Wewe ulipotoka, mwalimu wenu wa Mwenendo wa Madai akaniuliza, kwa hiyo ghorofa ya pili sisi tunafundisha kuhesabu, na ghorofa ya chini nyinyi mnakanusha? Nikamjibu ndiyo. Nilitamani sakafu ipasuke.

Wameandika hivi: "Ombi lilipokelewa ndani ya muda." Mtihani wako ni tarehe 11 Juni, saa tatu asubuhi. Mimi nimepewa barua ya onyo, nimeisaini. Kaka yako nimemweleza habari ya mlango. Akakata simu. Bado hajapiga.

Tarehe 11 nimeomba ruhusa. Nitafika kwako alfajiri nikae na Mama mpaka utakaporudi. Binti yako apumzike.

Jambo jingine. Jioni nilifungua kabati la nyuma. Kuna fomu thelathini na moja zilizoandikwa "imechelewa" kwa mwandiko wangu au wa msaidizi. Nimezihesabu upya kwa namna yako. Kumi na tisa hazikuchelewa. Nilitaka tu ujue.

Mke wa kaka yako


12 Juni

Wifi,

Nimefanya. Swali la tatu lilikuwa la kuhesabu siku, na niliandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kama nitashinda au la watasema wao, lakini safari hii niliandika kitabu kinavyosema. Niliporudi nikamkuta Mama amesukwa nywele na amevimbiana na wewe kwa sababu ya kidonge. Asante. Hilo nimelisema, sasa nisikilize.

Nimekaa na barua yako ya tarehe 29 wiki mbili, nikajizuia kuijibu kwa sababu nilikuwa na mtihani. Kumi na tisa, na eti ulitaka tu nijue! Unanipa habari hiyo kama mtu anayeniambia kesho kutanyesha. Nikishajua mimi, wao wanafaidika nini? Wako majumbani mwao sasa hivi wanaamini ni wazembe. Kuna waume na mama na watoto wamewaambia ungewahi, si ungewahi tu.

Mmoja namfahamu. Mama Pacha. Tulikaa dawati moja mwaka wa pili, akili yake ilikuwa mara mbili ya yangu. Alijifungua siku ya mtihani. Wiki iliyofuata alikuja na fomu, pacha mmoja mgongoni, mwingine amempakata, mkamwambia amechelewa. Sasa anapokea simu kwenye kampuni ya ulinzi. Alinipigia akilia siku ile, na unajua nilimwambia nini? Nilimwambia ungewahi. Mimi! Karani wa miaka kumi na saba, ninayemhesabia siku kila mpita njia, rafiki yangu sikumhesabia, kwa sababu ofisi ilishasema na mimi nikaiamini ofisi. Hasira yote hii niliyokumwagia, wifi, nusu yake ni yangu.

Kwa hiyo usikae ukisubiri nikusamehe, na kaka yangu akusamehe, na Msajili akusamehe. Utaandika barua kumi na tisa. Kwa mkono, bila YAH, bila "ofisi inasikitika". Usiwaeleze shida zako. Waambie walichofanyiwa na waambie kipi kinafuata. Anza na yeye. Mimi nitampelekea mwenyewe, na nitakaa pale anapoisoma.

Bi Muhuri


15 Juni

Mama Pacha,

Mimi ndiye uliyenikuta dirishani miaka mitatu iliyopita, ulipoleta fomu ya mtihani maalum ukiwa na wanao. Huenda hukumbuki uso wangu. Mimi nimekumbuka wako nilipoiona fomu, kwa sababu uliomba nikushikie mtoto mmoja ili upate kusaini, nikakwambia hairuhusiwi.

Nilikwambia umechelewa. Uliniuliza ninahesabuje, nikakujibu kwamba huo ndio utaratibu. Haukuwa utaratibu. Niliutunga mwenyewe nilipokuwa mgeni kazini, kwa kuona haya kuuliza, na sikuwahi kuurudia kuutazama. Hukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa upande wangu wa dirisha.

Nimeiandikia Kamati jina lako na nimeambatisha fomu yako yenye muhuri wetu. Wanakaa tarehe 2 Julai, chumba cha mikutano, saa nne asubuhi. Unaruhusiwa kuja na mtu wa kukusemea, na aliyekuletea barua hii amesema yuko tayari. Siwezi kukuahidi kwamba watakurudisha. Ninachoweza ni kusimama pale na kusema nilichofanya, na nitasimama.

Ulijifungua Jumatano, siku ya mtihani. Siku ya kwanza ilikuwa Alhamisi. Siku ya saba ilikuwa Jumatano iliyofuata, na wewe ulikuja Jumatano hiyo, saa tano na dakika kumi, umesimama kwenye foleni na watoto wawili.

Hukuchelewa.

Mratibu wa Huduma za Wanafunzi